Kuanza kunywa wiski na bourbon Mombasa bila kuungua koo: mwongozo kamili

Anayeanza wiski huku Pwani karibu kila mara hukwama pale pale. Hununua chupa, humimina nusu glasi, hupiga funda moja kubwa, koo likawaka na machozi yakamtoka. Chupa iliyobaki huishia ndani ya soda ya kola, na wiki ijayo mtu husema wiski si kinywaji chake. Ulimi wake hauna kosa, na mara nyingi hata chupa haina. Kilichomwangusha ni joto la kinywaji, ukubwa wa funda na maji aliyochanganya.

Miongozo ya mtandaoni husema wiski inywewe kwa joto la chumba. Chumba kinachozungumziwa kiko Uskoti, na joto lake ni nyuzi 18 hadi 20. Chumba cha Kisauni mwezi wa Machi, kaskazi ikiwa inaishia, kina nyuzi 30. Kwenye joto hilo pombe hupanda mvuke upesi kutoka kwenye glasi na kukupiga puani kabla hujanusa kitu kingine. Ndiyo maana hapa kupoza kumepewa nafasi kubwa kuliko kuchagua chupa.

## Nani asianze kabisa

Kama hunywi pombe, hakuna faida ya kiafya ya kukufanya uanze. Mjamzito asinywe. Aliye chini ya miaka 18 sheria haimruhusu kuuziwa. Asinywe pia anayetumia dawa za usingizi, dawa kali za maumivu kama tramadol, dawa za kifua kikuu au metronidazole, ile wengi waiitayo Flagyl. Mwenye ini lenye shida, au aliyewahi kupata taabu ya kuacha pombe, afunge ukurasa huu.

## Vifaa

Tafuta hivi kabla ya kununua chupa, kwa sababu ukishaifungua hutakuwa na subira ya kutafuta.

- Glasi mbili ndogo zenye tumbo na mdomo uliobana. Glasi ndogo ya mvinyo inafaa. Bilauri pana ya soda haifai kwa kunusa, kwani harufu yote hutawanyika.
- Kipimo cha toti cha mililita 30. Baa nyingine hutumia 25. Hesabu zote hapa ni za 30.
- Bomba la sindano la mililita 5 au 10, bila sindano, kutoka duka la dawa. Hili ndilo la kupimia maji.
- Maji ya chupa yasiyo na gesi, lita moja kwa kila mtu.
- Barafu uliyoigandisha mwenyewe kwa maji hayo hayo ya chupa.
- Chakula kisicho na pilipili: mkate, korosho, mahamri, samaki wa kupaka uliopunguzwa viungo.
- Kitambaa kikavu. Sababu yake utaiona kwenye hatua ya 4.

Mawe ya kupoza yanayouzwa kwa mbwembwe huna haja nayo.

## Hatua ya 1: Chagua chupa moja ya asilimia 40

Anza na chupa moja tu, na iwe ya asilimia 40 au 43 ya pombe. Zipo nzuri za 45, 46 na hata zaidi ya 55, lakini kwa anayeanza hizo ni kama kujifunza kuogelea nje ya mwamba.

Jua kwanza unanunua nini. Bourbon ni wiski ya Marekani. Sheria yao inataka angalau asilimia 51 ya nafaka yake iwe mahindi, na ikae kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani. Pipa jipya lililochomwa hutoa ladha nyingi, ndiyo maana bourbon hunukia vanila, sukari iliyoungua na nazi. Ndiyo, nazi: mti wa mwaloni wa Marekani una kemikali zenye harufu hiyo hasa, na pua ya mtu wa Pwani huikamata upesi kuliko ya wengi.

Wiski ya Uskoti lazima ikae kwenye pipa la mwaloni miaka 3 au zaidi, na mara nyingi pipa lenyewe ni lile lililokwisha kutumiwa na bourbon. Kwa hiyo utamu wa mti hupungua, na matunda na shayiri husikika zaidi. Ya Ayalandi nayo hukaa miaka 3, na nyingi ni laini mdomoni.

Mapendekezo yetu ni haya. Ukipenda vitamu, chukua Jim Beam ya lebo nyeupe. Ukiogopa ukali, chukua Jameson. Ukitaka kuanzia Uskoti, Johnnie Walker Black Label ina moshi kidogo wa kukuonjesha, na Glenfiddich ya miaka 12 haina. Jack Daniel's ni jamaa ya karibu ya bourbon: hutengenezwa Tennessee na huchujwa kwenye makaa ya mti wa mepo (maple) kabla ya kuingia pipani. Wengi huinusa ndizi mbivu.

Usianze na wiski za kisiwa cha Islay, huko Uskoti, kama Laphroaig. Shayiri yake hukaushwa kwa moshi wa mboji ya kinamasi (peat), na harufu inayotoka ni ya moshi wa makumbi uliochanganyika na mwani na dawa ya kidonda. Wapo wanaoipenda hadi kufa, ila si siku ya kwanza.

### Soma lebo kabla ya kulipa

Angalia nchi ilikotengenezwa, asilimia ya pombe na aina. Ukiona *Kentucky Straight Bourbon Whiskey*, neno *straight* lina maana ya kwamba imekaa pipani miaka 2 au zaidi, na ikiwa haikutajwa umri basi ni 4 au zaidi. *Single malt* ni wiski ya shayiri iliyoota, kutoka kiwanda kimoja. *Blended* ni mchanganyiko, na si tusi. Chupa nyingi nzuri za kuanzia ni za mchanganyiko.

Ukiona *spirit drink* au *whisky flavoured*, irudishe rafuni. Hiyo mara nyingi ni pombe tupu iliyotiwa rangi na ladha, na hutajifunza kitu kutokana nayo.

Umefaulu ikiwa: una chupa moja ya asilimia 40 hadi 43, na unaweza kusema kwa sentensi moja imetoka wapi na imetengenezwa kwa nini.

## Hatua ya 2: Hakikisha chupa ni halali

Usiiruke hatua hii hata kama muuzaji ni rafiki yako. Pombe bandia ni hatari ya kweli nchini: mwezi wa Mei 2014, kinywaji chenye methanoli, pombe yenye sumu, kiliua makumi ya watu Embu na kaunti nyingine.

Nunua kwenye supamaketi au duka lenye leseni linalotoa risiti. Tazama stempu ya ushuru ya KRA juu ya kifuniko. Iwe nzima, haijachanwa wala kubandikwa upya. Pakua programu ya simu ya KRA iitwayo Soma Label, uisome stempu hiyo palepale dukani. Majibu yasipolingana na chupa uliyoshika, iache.

Zungusha kifuniko kwa kidole kabla ya kulipa. Kikicheza bila kukatika, chupa ilishafunguliwa. Igeuze chini juu kwenye mwanga: vipande vinavyoelea ni dalili mbaya. Bei nayo husema. Wiski ya kutoka nje ikiuzwa kwa nusu ya bei ya maduka mengine yote, uliza nusu nyingine imelipwa na nani.

Usiamini kipimo cha kutikisa chupa na kuhesabu mapovu, wala cha kuwasha moto na kutazama rangi yake. Methanoli haijifichui hivyo.

Onyo: mtu akinywa, kisha baada ya saa kadhaa, au hata siku nzima, akaanza kuona ukungu machoni, kuumwa tumbo vikali, kutapika na kupumua kwa shida, asiachwe alale akidhaniwa amelewa. Mpelekeni hospitali yenye huduma ya dharura, mfano Hospitali Kuu ya Pwani, na mwende na chupa.

## Hatua ya 3: Tengeneza maji na barafu

Hapa ndipo chupa nzuri huharibika Mombasa bila mtu kujua. Maji ya visima vingi vya kisiwani na mitaa ya kando yake yana chumvi. Ukiyazoea huisikii tena kwenye chai yenye sukari, lakini kwenye wiski chumvi hiyo hujitokeza, hufanya bourbon iwe chungu na kukata utamu wote. Maji ya mfereji nayo yana dawa ya klorini, na yale ya mkokoteni hujui mtungi ulibeba nini jana.

Kwa hiyo maji ya chupa tu, kwa kuchanganya na kwa barafu. Barafu ya dukani usiitumie isipokuwa unajua imetoka kwenye maji gani.

Gandisha vipande vikubwa. Kikombe kidogo cha kahawa chungu ni kalibu nzuri: jaza maji robo tatu, weka kwenye friza usiku kucha, kisha chovya kikombe kwenye maji ya kawaida sekunde 20, na barafu itateleza yenyewe. Kipande kikubwa huyeyuka polepole kwa sababu uso wake ni mdogo ukilinganisha na uzito. Vile vipande vidogo vya trei, kwenye upepo wa baraza la Nyali, huwa maji kabla hujamaliza kusalimiana na wageni.

Funika barafu kwenye friza. Ikikaa wazi karibu na samaki itanukia samaki, na glasi yako pia.

Umefaulu ikiwa: unayeyusha kipande kimoja kwenye kikombe, unaonja maji yake, na hayana ladha yoyote.

## Hatua ya 4: Poza hadi nyuzi 18 au 20

Kwenye friji la kawaida, chupa iliyojaa huchukua kama saa moja kushuka kutoka nyuzi 30 hadi karibu 20. Ukiwa na haraka, itie kwenye beseni la maji na barafu dakika 10, maji yafike mabegani mwa chupa. Maji hunyonya joto upesi kuliko hewa ya friji.

Huna kipimajoto? Shika chupa. Inatakiwa iwe baridi kama maji ya mtungi wa udongo uliokaa kivulini, si kama soda iliyotoka kwenye friji la duka. Ikikuuma kiganja, umepitiliza: baridi kali huzima harufu, na utakuwa unakunywa kitu kisicho na sura. Iache nje dakika 10.

Kwa unyevu wa Mombasa, chupa baridi hutoka jasho papo hapo. Ifute kwa kile kitambaa kabla ya kumimina, la sivyo matone hutiririka hadi kwenye kipimo na hesabu yako ya maji inaharibika. Wiski nyingine, hasa za asilimia 46, huingia ukungu zikipozwa au zikitiwa maji. Hayo ni mafuta ya asili ya kinywaji, haijaharibika.

## Hatua ya 5: Andaa mdomo na tumbo

Kula mlo kamili saa moja au mbili kabla. Tumbo tupu huingiza pombe kwenye damu kwa kasi, na utalewa kabla hujaonja.

Weka kando viazi karai vya ukwaju na pilipili, achari, na mishkaki iliyopakwa pilipili. Sababu ni ya kimwili. Mdomoni kuna vipokezi vya joto ambavyo kwa kawaida huamka kwenye nyuzi 42 hivi. Pilipili huviamsha bila joto lolote. Pombe nayo hushusha kizingiti chao hadi karibu nyuzi 34, chini ya joto la mwili wako mwenyewe, kwa hiyo mdomo unajisikia kama unaungua kwa joto lake wenyewe. Ukivichokoza kwa pilipili kisha ukaleta pombe, umejipiga mara mbili mahali pamoja.

Miraa na muguka pia ziache siku hiyo. Uchungu wake hukaa ulimini muda mrefu, na ule uchangamfu hukuficha umelewa kiasi gani. Vinywaji vya kuongeza nguvu vina hatari hiyo hiyo. Manukato makali nayo. Ukijipaka udi na pafyumu mkononi, glasi yote itanukia udi.

## Hatua ya 6: Nusa kabla ya kunywa

Mimina mililita 15, yaani nusu toti. Inamisha glasi, izungushe taratibu mara mbili, uiache dakika mbili mezani. Ule mvuke wa kwanza mkali upite.

Ilete glasi usawa wa kidevu, fungua mdomo kidogo, vuta pumzi polepole kupitia puani na mdomoni kwa pamoja. Ukifunga mdomo na kuchomeka pua ndani ya glasi, pombe hupiga pua ganzi na hutanusa kitu kwa dakika kadhaa. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na waliozoea kunusa waini ndio hulifanya zaidi.

Usihangaike na majina ya matunda ya baridi yaliyoandikwa nyuma ya chupa. Ambayo hujawahi kuyala, hutayanusa. Tumia kabati la mama:

- Bourbon: tui la nazi, karameli ya sukari iliyoungua chini ya sufuria, halua, vanila, karafuu. Karafuu si mawazo tu. Kemikali inayoipa karafuu harufu yake, eujenoli, hutoka pia kwenye mwaloni uliochomwa.
- Bourbon au wiski yenye rai nyingi (nafaka iitwayo rye kwa Kiingereza): pilipili manga, iliki, mdalasini.
- Uskoti isiyo na moshi: peasi, tufaha, asali, ngano iliyokaangwa.
- Uskoti iliyokaa kwenye pipa la sheri (mvinyo wa Uhispania): tende, zabibu kavu, ukwaju mtamu.
- Yenye moshi: kifuu kinachowaka, samaki wa kukaushwa, ufuo maji yakikupwa.

Ukikwama, fungua chombo cha karafuu, nusa, kisha rudi kwenye glasi. Pua huhitaji kukumbushwa.

Umefaulu ikiwa: unataja kitu kimoja zaidi ya "pombe". Kimoja kinatosha.

## Hatua ya 7: Funda la kwanza, nusu kijiko cha chai

Funda la kwanza si la kuonja, ni la kuzoesha mdomo. Chukua mililita 2 au 3, nusu kijiko cha chai hivi. Ieneze ulimini, ishike kwa sekunde 5, meza. Funga mdomo na utoe pumzi nje kupitia puani. *Usivute pumzi ndani baada ya kumeza*. Ukivuta, mvuke unashuka kwenye koo lililo tayari kuwaka, na hapo ndipo kikohozi huanzia.

Subiri dakika moja. Kunywa maji. Sasa funda la pili, kiasi kile kile, ulishike sekunde 8 hadi 10. Utashangaa: ukali umepungua sana na utamu umetokea mbele ya ulimi.

Kama bado linaunguza, usijilazimishe, nenda hatua ya 8. Kujikaza si ushujaa. Shoti ya kugugumia mara moja haina ladha yoyote, na aliyebuni mashindano hayo hakuwa akilipia chupa.

## Hatua ya 8: Ongeza maji kwa kipimo

Hapa ndipo wengi hufanikiwa. Chukua toti nzima ya mililita 30 ya wiski ya asilimia 40, uongeze maji kwa bomba la sindano, ukionja kila hatua:

- Mililita 5 za maji: nguvu inashuka hadi asilimia 34.
- Mililita 10: asilimia 30.
- Mililita 18: asilimia 25.
- Mililita 30, sawa kwa sawa: asilimia 20.

Hizo ni jumla, si nyongeza juu ya nyongeza. Ukishatia 5, ongeza 5 nyingine kufika 10, kisha 8 kufika 18.

Anayeanza wengi hutulia kwenye 10. Wanaochanganya wiski viwandani Uskoti hunusa sampuli zao zikiwa karibu asilimia 20, na hawaoni haya. Maji hayaoshi ladha tu. Baadhi ya kemikali za harufu, hasa zile za moshi, husogea juu ya uso wa kinywaji pombe inapopungua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Linnaeus huko Uswidi walichapisha hesabu za jambo hilo mwaka 2017.

Atakayekuambia kwamba kutia maji ni kuharibu wiski, mwachie yake kavu.

Barafu ni njia ya pili, lakini huitawali: hupoza na kuzimua kwa pamoja, na kwa joto letu huzimua bila kukuuliza. Ukiitumia, kipande kimoja kikubwa, na anza kunywa mara moja.

Umefaulu ikiwa: una namba yako. "Jameson, maji 10." Iandike kwenye simu, chupa nyingine itakuwa na namba tofauti.

## Hatua ya 9: Michanganyiko mitatu, si kola

Kola si dhambi, ila sukari na viungo vyake hufunika kila kitu, na pia hufunika hesabu ya toti. Jaribu hizi kwanza.

Maji ya gesi. Toti moja, mililita 90 za maji ya gesi baridi kabisa, barafu kubwa. Mimina gesi ukingoni mwa glasi, koroga mara moja tu. Ukikoroga sana, mapovu yanaondoka na unabaki na kitu kilicholala.

Madafu. Toti moja ya bourbon au ya Uskoti isiyo na moshi, mililita 60 hadi 90 za maji ya dafu. Nazi ya mwaloni na nazi ya mti hukutana, na mchanganyiko huu ni mwepesi mdomoni. Dafu liwe limekatwa saa hiyo hiyo, lichujwe kwa kitambaa safi, lipozwe. Likikaa kwenye joto saa chache huanza kuchacha na huleta ukakasi. Chagua dafu changa lenye maji matamu. Lililoanza kuwa nazi lina mafuta na huacha utelezi mdomoni.

Ndimu. Mililita 45 za bourbon, 20 za maji ya ndimu, 20 za shira nyepesi ya sukari na maji sawa kwa sawa. Tikisa na barafu sekunde 12 kwenye chupa yenye kifuniko, chuja. Hesabu hiyo kuwa toti moja na nusu.

## Hatua ya 10: Linganisha mbili kwa macho yaliyofungwa

Baada ya wiki tatu au nne na chupa ya kwanza, omba au nunua ya pili ya aina tofauti. Mtu mwingine amimine mililita 15 za kila moja kwenye glasi mbili, aweke alama chini. Nusa zote kabla ya kuonja yoyote, kisha onja, kisha useme ipi bourbon.

Ukikosea, umejifunza zaidi kuliko ungepatia. Mara nyingi mtu hugundua kwamba aliyokuwa akiisifu kwa jina siyo anayoipenda kwa ulimi. Ukishatofautisha mara tatu mfululizo, sasa unaweza kugusa za asilimia 45 kama Maker's Mark au Bulleit, na baadaye, ukitaka, ule moshi wa Islay.

## Hatua ya 11: Kiasi, na njia ya kurudi

Toti mbili kwa kikao kimoja zinatosha kujifunza. Ya tatu ulimi umeshachoka na haukumbuki kitu. Mwili huondoa takriban kiasi cha toti moja kwa saa, mara nyingine kwa zaidi ya saa, na wala kahawa chungu wala kuoga havihimizi. Mwongozo wa afya wa Uingereza huweka ukomo wa yuniti 14 kwa wiki, yuniti moja ikiwa mililita 10 za pombe tupu. Toti moja ya 30 ni yuniti 1.2, kwa hiyo ni toti 11 hivi, zikiwa zimetawanywa kwenye siku kadhaa. Chini ya hapo ni bora zaidi.

Kwa kila toti kunywa glasi ya maji ya mililita 250. Joto linakutoa jasho na pombe inakupeleka haja ndogo. Ukiyaacha yote mawili yakufanyie kazi, asubuhi kichwa kitakueleza.

Panga usafiri kabla ya kufungua chupa. Usiendeshe, wala usipande bodaboda nyuma ukiwa unayumba. Tuktuk au teksi. Anayevuka Likoni amalize na kuvuka akiwa timamu, maana mteremko wa feri na umati wake havimhurumii mlevi. Na mji huu una majirani wengi wasiotumia kileo: nywea ndani au kwenye sehemu yenye leseni, si barazani pa watu Mji wa Kale, na mwezi wa Ramadhani uwe na staha zaidi.

## Hatua ya 12: Hifadhi chupa

Isimame, isilale. Pombe kali hula kizibo cha gome taratibu na kukivunja. Iweke kabatini gizani, mbali na dirisha na mbali na sehemu ya juu ya friji, ambako joto la mota hupanda usiku na mchana. Kabati la chini ndilo lenye baridi zaidi nyumbani.

Chupa iliyojaa na kufungwa vizuri haiharibiki. Ikishuka chini ya robo, hewa iliyo ndani huanza kufifisha ladha kwa miezi. Ihamishie kwenye chupa ndogo ya kioo, safi na kavu, ujaze hadi shingoni. Chupa ya plastiki ya maji usiitumie kamwe.

## Ikikwama, anzia hapa

Bado inaunguza hata na maji 10. Pima joto la chupa kwanza, kisha funda lako. Wengi hudhani wanakunywa mililita 3 kumbe ni 10. Pima moja kwa bomba la sindano uitazame kijikoni, ujue inafananaje.

Sinusi kitu ila spiriti. Glasi haijapumzika, au una mafua, au ulivuta sigara. Nusa kiwiko chako mwenyewe, pumzika dakika tano, rudi.

Ina ladha ya sabuni. Ni glasi. Sabuni ya vyombo yenye harufu ya limau hubaki kwenye kioo. Suuza kwa maji ya moto mara tatu, anika ikiwa imesimama juu ya mdomo wake kwa pembe, usiifute kwa kitambaa cha jikoni.

Leo ni chungu, jana ilikuwa tamu. Onja barafu yako. Uwezekano mkubwa mtu amejaza trei kwa maji ya kisima.